Jioni Nilipobeba Bati Ili Taa Zinione

Sitaki mtu anihurumie. Mkitaka kucheka chekeni, tena chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikifika pale darajani sitaki kukatizwa. Najua wengine wenu mmeshaiona ile video (dada yangu aliyeolewa Magwagwa aliiona kabla hata matope hayajakauka kwenye gauni langu, akanipigia simu, na badala ya kuniuliza kama nimeumia akaniuliza, "Kwamboka, ni wewe huyo?"), lakini video yenyewe ni ya nusu dakika na haionyeshi mwanzo, na huo mwanzo ndio wenye makosa. Mwenye makosa si mimi. Sawa, mwishoni ni mimi. Lakini mwanzoni ni taa.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina cherehani mbili sokoni, upande wetu huu wa Kebirigo, nashona sare za shule na magauni ya wanakwaya, na kila jioni giza likianza kuingia nafunga duka, nateremka kwa miguu hadi mtoni, navuka daraja, napanda mlima wa pili mpaka kwangu. Kutoka darajani hadi langoni ni robo saa kama hakuna mvua, majani chai mkono huu na majani chai mkono huu, na kando ya barabara kuna mtaro wa saruji ambao hawakuufunika, mrefu kama barabara yenyewe, unaweza kumeza mtu mpaka kiunoni. Miaka yote tumepita hapo tukipapasa. Kwa hiyo walipokuja watu wa mradi kuchimba mashimo ya nguzo za taa, nani alikuwa wa kwanza kuwapelekea vibarua chai na ndizi? Mimi. Kwa mikono hii.

Sasa, taa zenyewe si za kawaida. Tuliambiwa ni taa zenye akili. Juu zina sola, ndani zina betri, na chini ya kila taa kuna kidude cheusi kama jicho. Gari likikaribia, lile jicho linaliona, taa inapanda mwanga wote, halafu ya mbele yake inapanda, halafu ya mbele zaidi, zinampokea dereva kama bibi harusi, na akishapita zinashuka tena, zinabaki na kimwanga kidogo ambacho ukitazama juu unaiona taa lakini ukitazama chini huoni mguu wako. Wanasema ni kuokoa betri. Vizuri, mimi sina ugomvi na kuokoa. Ugomvi wangu ni kwamba jicho hilo mtu wa miguu halimwoni kabisa!

Usiku ule wa kwanza nilipita chini ya nguzo ya kwanza, kimya. Nikasema labda bado haijanizoea. Ya pili, kimya. Nikarudi nyuma nikapita tena nikiwa nimeinua mkono (ndiyo, niliipungia taa mkono, mwanamke wa miaka hamsini na miwili), kimya. Halafu likaja gari dogo, ndani mtu mmoja peke yake, gari lina taa zake mbili kubwa za mbele, na barabara nzima ikawaka kama saa sita mchana. Yaani mtu aliyekuja na taa zake anaongezewa taa, na mimi niliyekuja na viatu tu naachiwa giza. Nilisimama pale nikaongea peke yangu mpaka koo likakauka.

Na msidhani ni hasira za bure. Rafiki yangu Bosibori, muuza mboga ambaye hurudi nami jioni, siku moja alitangulia. Gari likampita, taa zikapanda, macho yake yakazoea ule mwanga, gari likaenda zake na taa zikashuka kwa ghafla, na yeye hapo katikati ya hatua hakujua tena barabara iko wapi na mtaro uko wapi. Akaingia mtaroni na kikapu chake chote. Mkono ulivunjika mahali pawili. Zile taa ziliwekwa ili watu wasiumie, lakini kabla ya taa Bosibori hakuwahi kuanguka hata siku moja, maana giza la zamani angalau tulilijua.

Basi nikaenda kwa baraza la chifu, siku injinia wa mradi alipokuja. Nikasimama.

"Bwana injinia, taa zako hazituoni."

Akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye gari lake liko kivulini. "Mama, mfumo huu umewekwa kwa ajili ya barabara."

"Na mimi huwa natembea wapi? Juu ya miti?"

Watu wakacheka, yeye pia akacheka, akaandika kitu kwenye daftari, akasema, "Tumelichukua hilo, mama." Na kweli walilichukua, wakaenda nalo. Nilirudi mara ya pili ofisini kwao nikapewa karatasi nijaze. Mara ya tatu nikaambiwa aliyepokea karatasi yangu amehamishwa.

Ilikuwa baada ya hapo nikanunua bati moja la kuezekea banda la kuku. Nikalipachika begani jioni, nikavuka daraja, nikaanza kupanda, mara nguzo ya kwanza ikawaka! Nikasogea pembeni nipishe gari. Nikageuka. Hakuna gari. Nikaendelea, nguzo ya pili ikawaka. Nikalishusha bati chini, taa ikashuka. Nikaliinua nikalitikisa, taa ikapanda. Nilikaa pale nikilipandisha na kulishusha bati kama mtu anayefundisha mazoezi ya viungo, na kila nilivyozidi kuelewa ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mimi ninayelala na kuamka, niliyezaa watoto watatu, taa hainioni, lakini bati la banda la kuku inaliheshimu!

Nikamwambia mume wangu, Baba Nyaboke. Yeye ni mtu wa kilimo na si mtu wa maneno, hakuniuliza swali. Alinikatia kipande cha bati upana wa mlango wa kabati, akakunja kingo zisinikate, akatoboa matundu mawili na kutia kamba nilivae mgongoni kama mkoba. Lakini si kuvaa tu. Ukitembea polepole lile jicho linakushuku, linakataa. Inabidi utembee kwa kasi, karibu kukimbia, na mabega uyayumbishe bati lipige kelele na kucheza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipanda kwangu kila jioni, na Bosibori mkono wake ulipopona akawa anakuja nyuma yangu, anakula mwanga wa bure.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba madereva nao walikuwa wamejifunza mambo yao. Lile daraja ni jembamba, haliwezi kubeba magari mawili, na zamani wangekutana katikati na kutukanana mpaka mmoja arudi nyuma. Sasa wakagundua kwamba ukifika mtoni na kuona taa za mlima wa pili zinawaka moja baada ya nyingine kuja chini, kuna gari linateremka, basi wewe unasubiri upande wako. Jambo la busara kabisa. Mimi jioni huwa napanda, siteremki, kwa hiyo aliyeziona taa zangu alidhani ni gari linalokwenda zake. Hatukuwahi kugongana, mimi na busara yao. Mpaka ile Jumapili.

Ile Jumapili tulikuwa na wageni, na si wageni wa mchezo. Binti yangu Nyaboke, ambaye ni muuguzi, amechumbiwa na Denis, mwana wa watu wa Nyansiongo. Denis mwenyewe tunamjua, anafanya kazi Nakuru na siku hiyo hakuwepo. Aliyekuwa anakuja ni mama yake, kutuona mara ya kwanza, yeye na kaka yake aliyekuwa akiendesha gari. Sijui nyinyi kwenu mko vipi, lakini kwetu mkwe ni mtu wa kuogopewa, kuna ile heshima tunayoiita ensoni, kuna vitu mkwe hatakiwi kuviona kwako na maneno hatakiwi kuyasikia kutoka kinywani mwako, hata ukicheka mbele yake unacheka kwa kipimo. Na huyu Mama Denis tulikuwa tumeambiwa ni shemasi kanisani, anafuga ng'ombe wa maziwa wengi, na ni mwanamke wa maneno machache. Nyaboke aliyekwisha kwenda kwao alisema tu, "Anasikiliza sana." Hilo lilinitisha kuliko yote.

Walitakiwa kufika saa nane. Tangu alfajiri nilikuwa nimefagia, kuku wamechinjwa, ugali wa wimbi na mboga za chinsaga tayari, na mimi nimevaa gauni la kitenge la zambarau nililojishonea kwa wiki nzima, na kitambaa cha kichwa cha kitenge hicho hicho. Ikanyesha mvua. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi, kumi na moja, gari limekwama kwenye matope huko njiani. Saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia, Nyaboke akatoka jikoni na simu: "Mama, wamefika sokoni. Hawaijui njia ya kushuka."

"Nitawapokea darajani," nikasema.

"Beba tochi," akasema Baba Nyaboke.

Tochi ilikuwa zizini, nikakumbuka zizi lilivyo baada ya mvua na viatu nilivyovaa. Simu yangu ilikuwa imebaki na chaji ya kusema haloo moja. Na lile bati lilikuwa hapo hapo, limeegemea ukuta wa veranda, limekauka, liko tayari. Nikasema moyoni, nitalivaa kwa mteremko tu, na kabla ya kona ya mwisho nitalitupa ndani ya majani chai, nitatokea darajani nikiwa mke wa mtu mwenye adabu zake. Basi. Hatua ile moja ya kwenda ukutani na kulichukua ndiyo iliyonimaliza.

Huko darajani, haya nilikuja kuyajua baadaye, lori la majani chai lilikuwa limefika kwanza. Dereva akaona taa za mlima wetu zinaanza kuwaka kule juu. Akasimama, na kwa vile ni mtu wa kuhesabu mafuta, akazima injini na taa. Nyuma yake likafika gari la Mama Denis. Nyuma tena pikapu yenye viti vya kukodisha, kisha pikipiki mbili. Wakasubiri. Taa ziliteremka kwao polepole ajabu, nguzo moja, halafu nyingine, halafu kimya kidogo (hapo nilikuwa natoa jiwe kwenye kiatu), halafu nyingine. Dereva wa lori akasema lazima ni trela imebeba mashine. Mwenye pikapu akasema trela haiwezi kukata ile kona, ni tingatinga la kusawazisha barabara. Mwenye pikipiki akasema hapana, mwendo huo ni wa msafara wa mkubwa fulani. Kusikia hivyo watu wakashuka wakasimama barabarani. Nimeambiwa mmoja alichomeka shati.

Na kwa vile injini zote zilikuwa zimezimwa na bonde limenyamaza baada ya mvua, wakaanza kusikia. Kwanza bati: gwala, gwala, gwala. Kisha sauti ya mwanamke. Maana mimi hizo taa huwa nazisema. Ni tabia niliyoipata, kila nguzo naipa neno lake, na siku hiyo nilikuwa na wasiwasi wa wakwe, kwa hiyo nilizisema kuliko siku zote.

"Waka! Nimesema waka! Unamwakia mwenye gari, na mimi ni nani, ni kuku? Walioichimba hiyo nguzo yako nani aliwapa chai? Nani aliwapa ndizi? Nitazame! Mimi si gari lakini nina safari! Jinga kabisa, refu bila faida!"

Ile kona ya kulitupa bati niliiona, msidhani sikuiona. Lakini hapo ndipo palipo na utelezi kuliko pote, na mtaro uko karibu, na nikasema acha nipite kwanza hiki kipande kimoja. Nikakata kona nikiyumbisha mabega kwa nguvu zote, taa ya mwisho ikawaka juu ya kichwa changu, na ng'ambo ya daraja, kwenye mwanga ule ule, nikaona uso wa lori, na watu wamejipanga wananitazama, mmoja ameinua simu.

Bati ndilo lililomalizia kusema: gwala.

Kilichonijia akilini ni kulificha. Nikalivua haraka nikalirusha ndani ya majani chai, lakini majani chai yale yamekatwa yakawa sawa kama meza, na yalikuwa na maji, bati likateleza juu yake, likarudi barabarani, likateremka lenyewe kwa kelele zote za dunia mpaka likaenda kulala katikati ya daraja. Na kwa vile bati limeondoka, lile jicho likaona hakuna mtu hapo. Taa ikashuka. Nikapiga hatua moja kutafuta barabara na nikaingia mtaroni. Gauni, kitambaa, wiki nzima ya kushona, yote mtaroni.

Wakawasha taa za lori wakaja. Dereva wa kwanza kufika aliangalia kule juu barabarani, akaniangalia mimi, akaangalia tena kule juu.

"Mama, lile gari limeenda wapi?"

Ningemwambia ukweli yangeisha hapo. Nikasema, "Limegeuza."

Mkono wa mwanamke ukanishika chini ya kwapa ukanivuta, mkono wenye nguvu kweli, mkono wa kukamua. Nikasimama nikichuruzika. Alikuwa mwanamke mpana, na koti jeusi, na mkoba mdogo kwenye kiwiko. Akanifuta uso kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Pole sana, mama. Umeumia?" Nikasema hapana. Akasema, "Sisi tumetoka Nyansiongo. Tunatafuta boma la Mama Nyaboke, fundi wa nguo. Unapajua?"

Wenzangu, mimi sijui ni pepo gani. Nilisikia ulimi wangu ukisema, "Ni pale juu, lango la kijani. Ni jirani yangu."

Nilikuwa na mpango, msinicheke. Wao waende na gari, mimi nipite njia ya mkato katikati ya mashamba, niingie kwa mlango wa jikoni, nioge, nibadilishe, nitokee sebuleni nikisema karibuni wakwe zangu. Mpango mzuri. Lakini Mama Denis akasema, "Basi panda, tukufikishe." Nikasema nitachafua gari. Akatandika leso yake kwenye kiti. Nikasema naweza kutembea. Akasema, "Kwenye giza hili?" na huo ukawa mwisho wa mjadala, maana nilikuwa nimetoka kuthibitisha mbele ya umma kwamba siwezi.

Nikapanda. Na sasa nisikilizeni, kwa sababu hili ndilo linaloniuma mpaka leo: tulipovuka daraja, nguzo ya kwanza ikawaka yenyewe. Ya pili ikawaka. Zote, moja baada ya moja, mwanga mweupe safi, bila kuambiwa. Kwa sababu nimekalia kiti cha gari! Mwanamke yule yule! Nilitaka kufungua dirisha nizitukane nikakumbuka nilipo.

"Huyu Mama Nyaboke," akasema Mama Denis, akitazama mbele, "wewe kama jirani, unamwonaje?"

Nikasema, "Ni mtu mzuri."

"Mpole?"

"Mpole sana. Hapendi kelele."

Kaka yake kwenye usukani akakohoa.

"Na usafi?"

Matope yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiwiko changu, nikayaona, naye nadhani aliyaona. "Usafi ndio usiseme," nikajibu.

"Na watu hagombani nao?"

"Na watu? Hapana. Na watu hagombani."

Kaka yake akakohoa tena, kikohozi kirefu, mpaka gari likapunguza mwendo. Nikaomba wanishushe kabla ya lango. Akasema, "Hapana, mama, tutakupeleka kwa huyo jirani yako mpole, akupe maji ya moto."

Baba Nyaboke alikuwa amesimama langoni na tochi. (Alikuwa ameenda zizini kuichukua. Mume wangu ni mtu mwema, na siku hiyo nilitamani asingekuwa.) Mlango wa gari ukafunguliwa, akanimulika, na yeye ambaye kwa mwaka hasemi maneno yanayojaa kikombe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Mama Nyaboke! Umewapata! Karibuni sana wakwe zetu. Na bati umeliacha wapi?"

Nyaboke alitoka nyuma yake akaniangalia, akamwangalia mama mkwe wake, akashika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilipita hapo kama sioni mtu, nikaingia kuoga, na niwaambie ukweli, nilikaa kwenye lile beseni mpaka maji yakapoa nikifikiria kama kuna dirisha naweza kupita.

Nilitoka. Nikasalimia upya. Wakala, tukala, hakuna aliyegusa habari ile. Chakula kilipokwisha Mama Denis akaomba wanaume watoke kidogo kutazama ng'ombe, Nyaboke akaenda na vyombo, tukabaki wawili.

"Nilikujua pale pale darajani," akasema. "Hata kabla hujakata kona. Sauti ile ni ya Nyaboke akikasirika, alikuja kwangu siku moja ndama akamwaga ndoo."

"Sasa kama ulinijua, kwa nini ukaniacha niseme yote yale?"

"Ulikuwa unajisifu vizuri." Hakucheka. Halafu akaweka kikombe chini. "Kuanguka si kitu, mtu yeyote huanguka. Bati nalo, mimi sijui sababu yake, labda lina sababu. Lakini mtoto wangu anaoa hapa. Siku nyingine nitakuuliza jambo kubwa, la watoto hawa. Nitajuaje kama anayenijibu ni wewe au ni jirani yako?"

Nimewahi kugombezwa maishani, lakini hilo liliingia mpaka mifupani, kwa sababu hakupandisha sauti na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Macho yakajaa machozi. Nikamwambia, "Niliona haya, mama. Nilitaka unione kwanza nikiwa mtu." Na maneno yakafunguka, nikamweleza yote tangu vibarua na ndizi, mkono wa Bosibori, karatasi, tabasamu la injinia, na nilipofika kwenye bati la banda la kuku nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu nikipiga kelele mbele ya mkwe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua mkoba wake, akatoka nje mpaka barabarani, mimi nyuma yake. Akapita chini ya nguzo iliyo mbele ya lango letu. Kimya. Akarudi, kwa kasi kidogo. Kimya. Akasimama akaiangalia ile taa kwa muda mrefu, shemasi mzima, mwenye ng'ombe wote wale.

"Inamaanisha mimi sipo," akasema.

"Ndivyo ninavyowaambia!"

"Takataka," akasema Mama Denis, na tukarudi ndani. Harusi ni likizo ya shule ijayo, na ameshanitumia vipimo vyake nimshonee gauni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, mniambie kama sina haki ya kukasirika. Mimi nililalamika mara tatu, kwa mdomo na kwa maandishi. Bosibori alivunjika mkono. Hakuna aliyekuja. Lakini dereva wa lori alipogundua kwamba hapakuwa na gari akalalamika, mara moja tu, kwa simu, kwamba kuna mama anateremka mlima na bati na kuchelewesha majani chai kufika kiwandani, haikupita wiki injinia akafika na ngazi yake. Akanikuta langoni.

"Mama, ni wewe unayevuruga mfumo?"

"Ni mimi," nikasema. "Naitwa Kwamboka, Mama Nyaboke, nakaa hapa, na karatasi yangu iko ofisini kwenu."

Akapanda, akagusa-gusa yale macho, akashuka. Siku hizi nguzo sita za karibu na daraja zinamwakia mtu wa miguu vizuri kabisa. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja! Na zilizobaki, kutoka kona ya kwanza mpaka kwangu? Ameniambia hizo ni za awamu ya pili.

Basi mimi nimeapa mawili. La kwanza, bati sitalibeba tena barabarani, liwe zima au kipande, hata kama kuku watalala nje. La pili, na hili ndilo kubwa, nikianguka tena nitaanguka nikiwa na jina langu, na atakayeniuliza mimi ni nani nitamjibu hata kama bado nina matope mdomoni.

Lakini yule injinia, siku gari lake litakapozimika pale darajani jioni, aanze kupanda huu mlima kwa miguu yake akitafuta barabara kwa ncha ya kiatu, nitakuwa nimesimama langoni namsikiliza, na sitatoka na tochi.

Sawa, nitatoka. Lakini sitatoka haraka.